Mpaka Betri Ichoke

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, kisha ukanyamaza. Nilikuwa nimelala sakafuni katikati ya wanawake waliokuja kulala nasi msibani, na macho yangu yalikuwa wazi. Nilijua ni Felisita, mke wa mwanangu. Nilijua pia kwa nini mwiko umenyamaza: ameogopa kutuamsha. Wanawake walikuwa wamemwambia akae, mjane hashiki moto, tena mwenye mimba kubwa kama ile. Akawajibu kwa upole kwamba akikaa ndipo atakapoanguka. Wakamwachia jiko, naye akawa anakoroga uji wa waombolezaji kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Tulikuwa tunamngoja Masele.

Masele alikuwa kitinda mimba wangu. Aliondoka nyumbani akipiga mluzi, na sasa tuliambiwa analetwa kutoka hospitali ya Bariadi akiwa amefunikwa. Malaria ilimpanda kichwani. Habari ile ililetwa na dereva wa lori la pamba, mtu nisiyemjua hata jina, ambaye alizima injini mbali akaja kwa miguu mpaka mlangoni ili asitushtue kwa mngurumo. Namkumbuka kwa hilo kuliko kwa maneno yake, maana maneno yenyewe sikuyasikia vizuri. Tangu saa ile nilikuwa kama mtu aliyepigwa kisogoni na kitu kizito. Watu walikuja wakilia, nami nikawachotea maji ya kunywa. Mimi mwenyewe sikulia.

Mwaka ule biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Zamani tuliuza kwa chama cha ushirika tu, na mume wangu, Thomasi, ndiye aliyekuwa mpimaji katika ghala la hapa kwetu Sapiwi. Alisimama kwenye mizani akitangaza uzito wa kila gunia kwa sauti nzito, ya polepole, kama jiwe linaloviringishwa ndani ya pipa. Hata aliyekuwa kisimani alijua jirani yake amepata kilo ngapi. Thomasi alifariki Masele akiwa bado anabebwa mgongoni na dada zake, kwa hiyo mtoto hakumkumbuka baba yake. Na sauti hakuirithi, au ndivyo tulivyodhani. Yake ilikuwa nyembamba, ya haraka, yenye kicheko ndani yake. Sauti ya manju anayeongoza nyimbo za ngoma mpaka wachezaji wasahau kwamba hawajala.

Alipokuwa mdogo aliniuliza kila mara baba yake alizungumzaje. Siku moja, nikiwa sina namna nyingine ya kumweleza, niliingiza mdomo kwenye mtungi mtupu nikasema, "Kilo themanini!" Sauti ikatoka humo nzito, inatetemesha udongo. Masele alicheka mpaka akakaa chini. Ikawa mchezo wetu. "Mayu, mlete baba," angesema, akimaanisha niuinue mtungi. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

Wanunuzi binafsi walipoingia, kila mmoja alitaka wakulima wamjue yeye kwanza. Ndaki, aliyechunga ng'ombe pamoja na Masele tangu utoto, alikuwa amenunua Landrova ya zamani ya ushirika, iliyotelekezwa nyuma ya ghala mpaka nyuki wakafanya makao ndani ya kiti. Vijana wale wawili wakaifufua. Wakapata kazi kwa mnunuzi mmoja, kuzunguka vijijini na kipaza sauti juu ya paa, Ndaki akiendesha na Masele akitangaza. Fundi redio wa mjini aitwaye Muksini akawafungia redio ya kaseti na amplifaya. Masele akaona kupiga kelele kutwa kutamkausha koo, akarekodi tangazo lake kwenye kaseti, litembee lenyewe.

Kaseti hiyo mimi sikuwa nimeisikia. "Wewe ndiye utakayeizindua, mayu," aliniambia siku ile ya mluzi. "Nitakuja nayo asubuhi na mapema, kabla hujamaliza kupika uji."

Mbingu ilikuwa imeanza kupauka upande wa mashariki tuliposikia Landrova ya Ndaki ikimleta. Ndaki alikuwa ameamua kusafiri mapema, akihofia jua. Wanaume wakasimama, wanawake wakajitanda khanga. Kwandu, mdogo wake Thomasi na sasa mkubwa wa ukoo, akatoka na fimbo yake kumpokea mtoto wa kaka yake. Gari lilikuja polepole sana. Nilitambua kwamba Ndaki alikuwa akikwepa kila shimo, kama vile abiria wake bado angeweza kuumia.

Kati ya barabara na uwanja wetu pana korongo la mchanga, kavu wakati wa kiangazi. Gari likaingia humo, likarukaruka, magurudumu yakazunguka bure, injini ikakohoa ikazimika. Taa zikabaki zinatumulika, za njano, na sisi tumesimama ndani ya mwanga ule kama watu walioitwa mbele. Kukawa kimya. Kisha juu ya paa kitu kikakwaruza kama kitambaa kinachochanwa.

"Halo, halo, Sapiwi! Mwangaluka!"

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi. Mwanamke mmoja nyuma yangu aliiitikia, "Mwangaluka," kwa mazoea tu, kabla hajajua anamwitikia nani.

"Mmelala? Jua linawacheka! Tokeni, akina baba! Tokeni, akina mama! Msijifungie ndani kama kuku wanaoatamia! Mwana wa Thomasi amefika!"

Sijawahi kuona watu wakikimbia namna ile. Mikeka ilipinduka, mtu akaangukia kwenye miiba ya zizi akapita nayo. Katekista, aliyekuwa ameshafungua kitabu aanze sala, alikimbia na kitabu chake kikiwa wazi vilevile, akiwa bado ameweka kidole kwenye ukurasa. "Amefufuka!" walipiga kelele. "Masele amefufuka!" Mimi sikukimbia. Si ujasiri, ni miguu tu iliyonikatalia. Felisita alisimama karibu nami na mwiko mkononi, uji wa moto ukimdondokea mguuni, naye hausikii.

Ndaki aliruka nje ya gari, akarudi ndani, akaingiza kichwa chini ya usukani akipapasa. "Samahani!" alilia. "Samahani, jamani! Nimeukata waya! Nimeukata mimi mwenyewe kule hospitali!"

Juu ya paa mwanangu akacheka. Kilikuwa kicheko chake chenyewe, kile cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa. Kisha taa zikaanza kugeuka nyekundu kama makaa, na kicheko kile kikaanza kurefuka. Kikazidi kushuka, kikawa kizito, kama mtu anayetumbukia kisimani huku anacheka. Na kutoka huko chini sauti ikasema, neno kwa neno:

"Mayu... kama... umeamka... weka... uji... motoni... Ninapita... hapo... nyumbani."

Haikuwa sauti ya Masele. Ilikuwa ya Thomasi.

Sikukosea, nililala ubavuni pa sauti ile miaka mingi. Hata wenzangu wa rika langu hawakukosea: vijana walikuwa wamekimbia sauti ya kwanza, wazee walikimbia ya pili. Nilimwona Kwandu akiangusha fimbo yake mchangani, yeye ambaye hata msibani hakai bila kuishika. Taa zikajifumba kama jicho. Kipaza sauti kikanyamaza. Nyuma yangu uji ulichemka motoni, ukamwagika, ukaungulia majivuni.

Ndipo nilipopata sauti yangu mwenyewe, na haikuwa ya kulia.

"Ndaki! Liondoe gari lako hapa! Usinirudie tena na kitu hicho, umenisikia?"

"Nimesikia, mayu," alisema. Alikuwa amepiga magoti mchangani.

Lakini gari halikuweza kuondoka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, ile handeli ya kuwashia kwa mkono ilishapotea zamani za ushirika, na hapakuwa na mtu wa kulisukuma, nani angeligusa? Walimtoa Masele humo kwa hofu, wakambeba juu ya kitanda, tukamzika kabla jua halijawa kali. Kaburini Kwandu aliagiza kaseti ile iletwe ichomwe.

"Mtu aliyekwisha kutangulia hatangazi pamba," alisema.

"Nani ataitoa, baba?" wakamuuliza.

Kwandu alilitazama gari kwa mbali. "Tungoje kwanza," akasema.

Basi gari likabaki korongoni siku zote za matanga, limetuelekea, na kipaza sauti juu yake kama mdomo ulioachwa wazi. Mbuzi walijipumzisha kwenye kivuli chake. Watu waliokuja kutupa pole walipita njia ya mbali. Mimi nilikaa nikilipa mgongo, na bado nililisikia. Nikifumba macho usingizi unakuja na sauti ile, na sikujua niiogope au niifuate. Ni nani kati yao aliyesema anapita nyumbani?

Kila nilipoamka mapipa ya maji yalikuwa yamejaa. Hakuna aliyesema ni nani anayeyajaza, lakini uwanjani palikuwa na alama za kandambili za matairi, moja imekatika kisigino, na ni Ndaki aliyevaa kandambili hizo. Alifikia kwa jirani, akichota kabla hatujaamka na kuondoka ili nisimwone, kama nilivyomwamuru. Niliambiwa pia kwamba godoro tulilomkuta Masele amelazwa juu yake ndani ya gari lilikuwa la Ndaki mwenyewe, la pekee alilokuwa nalo. Lakini moyo wangu ulikuwa bado umesimama palepale korongoni.

Asubuhi moja nilimwona Felisita amekwenda kwenye gari. Alikuwa akifuta vumbi la kioo kwa pindo la khanga yake, taratibu, kama anayemfuta mtu jasho.

"Felisita! Toka hapo."

"Bado imo, mama."

"Nini?"

"Kaseti. Naiona hapa." Hakugeuka. Aliweka mkono juu ya tumbo. "Huyu hatamkumbuka baba yake. Kama vile Masele hakumkumbuka wake."

Nilirudi ndani nikaketi karibu na mtungi. Nilikumbuka yule mtoto akicheka sakafuni, akiniomba nimlete baba, na mimi nikihangaika na mdomo wangu ndani ya udongo. Kumbe kitu chenyewe alikuwa nacho. Kilikuwa kimekunjwa kooni mwake maisha yake yote, akalia nacho, akaimba nacho ngomani, na hakuna aliyejua, mpaka siku ile ambayo yeye mwenyewe hawezi tena kuambiwa. Nikautazama mtungi nikaogopa kuugusa.

Siku ya kunyoa nywele na kumaliza matanga, Muksini alikuja kutoka Bariadi kwa baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga betri, na chini ya betri alikuwa ameviringisha koti lake zuri ili mtikisiko usiipasue. Mkewe alikuwa ametuma mchele na sukari. Alivua viatu mbali, akaketi mkekani na wanaume.

"Poleni sana, mama," aliniambia. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimechelewa, nilikuwa natafuta betri nzima. Nilisikia gari limewakalia mlangoni."

Alipokwenda korongoni, Ndaki akajitokeza, kichwa chini. Kwandu akafuata na fimbo yake, na watu wakafuata nyuma ya Kwandu kwa umbali wa heshima. Muksini aliinama chini ya usukani, akatoka na ncha ya waya mwekundu.

"Ulikuwa umenasa kwenye chuma cha breki ya mkono," alisema. "Ndaki, nani alikwambia ukate huu?"

"Magari yote niliyojifunzia, ukikata mwekundu umemaliza. Nilisema kisitokee kitu njiani, namleta mwenzangu."

"Hili siyo kama hayo. Hili ni la zamani, limefungwa kinyume. Mwili wake wote ndio moto, umeme unapita humo. Mwekundu ukiuacha unaning'inia, ukigusa bati popote, umeunganisha. Ulitakiwa ukate mweusi."

"Hukuniambia!"

"Nilimwambia marehemu. Wewe siku ile ulikuwa chini ya gari, unakoroma."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Kilikuwa kicheko cha kwanza hapo nyumbani tangu kile cha kwenye paa, na watu wakatazamana kuhakikisha kimetoka kwa mtu aliye hai.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," alisema Kwandu.

"Hakuwa yeye, mzee. Gari lilitikisika mchangani, waya ukagusa chuma. Injini ilipozimika, taa na redio vikainywa betri, nayo ilikuwa hoi. Betri ikichoka, kaseti inazunguka polepole, na sauti inazama."

Kwandu aliichimba ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Fundi, wewe hukumjua kaka yangu."

"Sikumjua, mzee."

"Basi usiniambie kwamba ni betri tu."

Muksini hakubisha. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Niitoe kaseti, mkaichome?" Watu wote walimtazama Kwandu. Na Kwandu, ambaye kwa siku zote zile hakutaka hata gari litajwe, alinitazama mimi.

Nilishuka korongoni. Mchanga ulikuwa wa moto. Ndaki alinifungulia mlango huku akitazama pembeni, nikapanda, Felisita akakaa ubavuni pangu. Ndani mlinukia nta ya nyuki. Muksini alifunga betri aliyokuja nayo, akapanda juu akachomoa nyaya za kipaza sauti, akaunganisha spika ndogo aliyoitoa mfukoni mwa koti, akaiweka mapajani pangu.

"Itasikika humu tu, mama," alisema. "Ya nje imetosha. Niunganishe?"

Nilitaka kusema hapana. Mkono wa Felisita ukaushika wangu, wa baridi kuliko maji. Nikatikisa kichwa kukubali.

Alikuja mzima. Alitusalimu, akatutania, akatuita kuku. Safari hii kicheko hakikurefuka. Kilikatika palepale kilipopaswa kukatika, na nikamsikia akivuta pumzi, pumzi yake ya puani, ile niliyoijua tangu akinyonya. Kisha akasema haraka haraka, kama anayepita tu mlangoni: "Mayu, kama umeamka, weka uji motoni, ninapita hapo nyumbani!"

"Uji upo," nikajibu.

Ndipo nilipolia. Nililia mpaka spika ikalowana, na Felisita akanifuta kwa pindo lilelile lenye vumbi la kioo. Alipomaliza kunifuta mimi alichukua spika ile akaishika tumboni, akamwambia Muksini airudishe nyuma kaseti. Muksini akairudisha, mara nyingi kadiri alivyoombwa, na hata mara moja hakutuonyesha kwamba ana haraka.

Dirishani kulikuwa na kivuli. Kwandu alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi.

"Na kaka?" aliuliza.

"Hapatikani kwa betri hii, mzee," alisema Muksini. "Hii ina nguvu. Mpaka ichoke."

"Tuiache basi ichoke. Mimi sina safari."

"Itachukua kutwa nzima, na zaidi. Na ni betri ya mteja, jioni anaifuata."

Kwandu akatikisa kichwa, akaivaa kofia yake. Hakutaja tena kuchoma. Muksini aliitoa kaseti akanikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Niliifunga kwenye ncha ya khanga, fundo juu ya fundo, ingawa nilijua nyumbani kwangu hamna kitu cha kuichezea, na kwamba kijiji kizima hakikuwa na kingine cha kuichezea isipokuwa hicho nilichokifukuza.

Wakalisukuma gari, walewale waliokuwa wamekimbia. Katekista alisukuma kuliko wote, kanzu imekunjwa kiunoni, akizomewa na wanawake: "Leo hukukimbia, mwalimu?" Likatoka mchangani, injini ikashika, likatetemeka lote. Muksini aliirusha baiskeli yake nyuma, akapanda. Ndaki alikaa kwenye usukani bila kukanyaga mafuta.

"Mayu, tunakwenda," alisema, akiutazama usukani. "Uliniambia nisirudi. Nimeona nikuage tu."

"Nilikwambia," nikasema.

Niliweka mkono juu ya mlango. Bati lilikuwa la moto, na chini ya kiganja changu gari zima lilikuwa likinguruma kwa sauti nzito, ya polepole.

"Uje tena, mwanangu. Uje betri ikiwa nzima, ukae mpaka ichoke."